Koridora nyumbani: usinunue samaki kabla ya kupata mchanga

Nimetoka kumsaidia jirani hapa Sakina, Arusha, kuanzisha tangi la koridora. Maswali aliyoniuliza naulizwa na wengi, kwa hiyo nayajibu hapa. Hawa ni kambare wadogo wa Amerika Kusini, wengi sentimita 5 hadi 7, wapole, kutwa wako chini wanapekua. Kambare wetu wa bwawani usimweke nao, atawameza.

Hatua ya 1: Tangi
Lita 60 kwenda juu. Chagua lililo pana kuliko lililo refu kwenda juu, maana wanaishi sakafuni. Usijaze maji hadi kwenye kifuniko: koridora huchomoka ghafla hadi juu, akameza hewa na kurudi. Hewa hiyo anaivuta kwa utumbo, si ugonjwa. Ila wakipanda wote mfululizo, pima maji.

Hatua ya 2: Mchanga
Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mtazame koridora akila: anazamisha pua hadi machoni, anabugia mchanga, anachambua chakula, na mchanga unamtoka kwenye matamvua. Kwenye changarawe hawezi kufanya hivyo. Tena sharubu zake ni laini; zikikwaruzwa kila siku kwenye punje kali zinalika, zinaingia vidonda.

Mchanga mweusi wa volkano tulionao huku chini ya Mlima Meru ni rahisi kupata, lakini punje zake nyingi zina kona. Siutumii, na sikushauri. Tafuta mchanga wa mtoni uliosagika kwa maji. Chekecha kwa chujio la unga, kisha sugua kiasi kwenye viganja: mchanga ukichoma ngozi, achana nao. Dondoshea siki: mchanga ukitoa mapovu una chokaa, utabadilisha maji yako. Uliofaulu uoshe kwenye ndoo, ukikoroga kwa mkono na kumwaga, mpaka maji yatoke maangavu. Usitumie sabuni hata kidogo. Tandaza sentimita 3 tu. Ukizidisha, uchafu unaoza chini, na mchanga mchafu unakula sharubu vilevile hata uwe laini namna gani.

Hatua ya 3: Maji
Ya bomba yatoe klorini kwa dawa yake. Filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa inatosha, na mimi siibadilishi kwa nyingine: haivuti mchanga. Iwashe wiki 4 hadi 6 bila samaki, ukidondosha chakula kidogo ili bakteria wajijenge. Amonia na naitraiti, yaani sumu zinazotokana na uchafu, zisome sifuri kwanza ukipima maji.

Hatua ya 4: Joto
Arusha Juni na Julai weka hita, nyuzi 24. Usipotaka hita, chukua *Corydoras paleatus*; huyo anavumilia baridi kuliko wenzake. Moshi kuna joto zaidi, angalia tangi lisipigwe na jua.

Hatua ya 5: Samaki
Sita au zaidi, wa aina moja. Akiwa peke yake anajificha tu. Wahamishe kwa kikombe, kwa kuwa miiba ya mapezi hunasa kwenye wavu na inachoma mkono. Wape vidonge vinavyozama, jioni taa zikizimwa. Usitegemee mabaki ya samaki wa juu, watakonda.

Kila wiki nyonya robo ya maji kwa mpira. Ukirudisha maji ya baridi kidogo, asubuhi unaweza kukuta mayai yamebandikwa kwenye kioo. Yabandue kwa kidole, uyaweke kwenye chombo kingine chenye maji yaleyale na hewa, kwa sababu wazazi wenyewe huyala.