Unauza Nyumba Dar: Kipi Ukikarabati, Kipi Ukiache

Usimwite fundi kabla hujajua nani atainunua. Nyumba kuukuu ya Kariakoo au Magomeni mara nyingi hununuliwa kwa ajili ya kiwanja: mwenye pesa anataka kubomoa apandishe ghorofa. Marumaru utakazomwekea huyo zitaondoka na kifusi. Tembea mtaani, waulize madalali wawili watatu nyumba zilizouzwa karibuni zimefanywa nini. Kama zimebomolewa, fyeka majani, lipa madeni, uza ilivyo.

Anayetaka kuhamia ni mtu mwingine. Atakuja na fundi wake, na akinunua kwa mkopo benki nayo itamtuma mthamini. Kwa mnunuzi wa namna hii, kila kasoro ipime kwa maswali mawili: fundi atataka shilingi ngapi, na mnunuzi akiiona atakata shilingi ngapi? Watu hukata bei kwa hofu kuliko kwa hesabu. Doa la maji darini huenda limeletwa na msumari mmoja, lakini mnunuzi atapiga hesabu ya kuezua paa zima. Kabati la jikoni la mtindo wa zamani, kinyume chake, halimtishi mtu. Atalibadilisha kwa ladha yake.

Kwa hiyo anza na maji, na uanze kabla ya masika ya Machi. Kuonyesha nyumba inayovuja mwezi wa Aprili ni kujitafutia kesi. Mtu mmoja akae darini na tochi, mwingine amwagie bati kwa mpira wa maji, akianzia chini na kupanda polepole kuelekea kwenye kofia, yaani bati la kileleni. Ukianzia juu maji yatateremka paa zima na hutajua yanapopenyea. Mara nyingi mkosaji ni msumari uliopigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongoni, au mpira wa chini ya kichwa cha msumari uliokaushwa na jua ukapasuka. Ng'oa msumari huo, ziba tundu kwa silikoni ya paa, kisha piga mpya wenye mpira mgongoni, pembeni kidogo ya tundu la zamani. Ubao wa dari ulioloa ubadilishwe baada ya mvua moja kupita salama, si kabla.

Ukuta unaotoa chumvi na kumenyuka rangi chini ndio unaokula pesa bure kuliko yote. Wengi huukwangua na kuupaka siku hiyohiyo. Wiki chache baadaye malengelenge yamerudi, pengine siku ile mnunuzi anakuja mara ya pili. Tafuta kwanza chanzo: bomba linalovuja ukutani, udongo wa nje uliopanda juu ya sakafu, au maji ya paa yanayomwagika msingini. Kiondoe. Kisha bandua plasta hadi nusu mita juu ya doa la juu kabisa, acha tofali likauke, upige plasta mpya ya ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga, pamoja na dawa ya kuzuia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo. Mchanga wa ufukweni usiuguse. Una chumvi ileile unayoikimbia. Mwagilia siku saba, kisha usubiri kama wiki nne kabla ya rangi. Kama msingi wenyewe haukuwekewa kizuizi cha unyevu, plasta itapunguza tatizo tu, na ni vyema mnunuzi aambiwe.

Mabomba: funga koki zote pamoja na maji yanayoingia tangini, soma mita, rudi baada ya saa moja. Ikiwa imesogea, bomba kati ya mita na tangi linavuja. Upande wa baada ya tangi, weka alama ya kina cha maji tangini usiku, koki zikiwa bado zimefungwa, na uangalie asubuhi.

Nyufa nyembamba kama unywele ni za plasta, ziba, paka. Ufa unaopita milimita 5, au unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, uandikie tarehe kwa penseli kwenye ncha zake zote mbili na upime upana wake. Ukiongezeka ndani ya mwezi, usiuzibe. Mwite mhandisi, upate makadirio ya maandishi, uyaweke mezani wakati wa kupatana bei. Kuuficha kwa rangi ni kumpa fundi wa mnunuzi sababu ya kutilia shaka nyumba nzima.

Jiko jipya, dari ya jipsamu yenye taa za rangi na tofali za uwanjani viache. Pesa hiyo ina kazi zaidi kwenye makaratasi: hati yenye jina lako, kodi ya pango la ardhi isiyo na malimbikizo, bili ya maji iliyolipwa, na mita ya umeme ya LUKU isiyo na deni, ikiwemo kodi ya jengo ambayo tangu 2021 inakatwa humo. Nyumba nzuri yenye hati ya jina la marehemu haiuziki mpaka mambo ya mirathi yashughulikiwe, hata ungeipaka dhahabu.

Rangi iwe ya mwisho, mafundi wengine wakishatoka. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 3 kina kama mita za mraba 40 za ukuta ukitoa mlango na madirisha. Kwa lita moja kwa mita za mraba 10, mikono miwili (kupaka mara mbili) ni lita 8, hivyo ndoo ya lita 20 inatosha vyumba viwili na kubakiza ya kurekebishia. Chagua nyeupe au krimu. Hifadhi risiti za EFD (za mashine ya kodi) za kazi kubwa: kodi ya faida ya mauzo hutazama pia gharama ulizoingia kuiboresha nyumba, na gharama isiyo na risiti ni vigumu kuitetea TRA, mamlaka ya mapato.