Kufua sime kwa springi ya gari, na jinsi ya kutoipasua kwenye matiko

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alikuja karakana akiwa na sime iliyofungwa kwenye gazeti, vipande viwili. Alikuwa ameifua vizuri kuliko mimi nilivyofua yangu ya kwanza. Kisha, ili kuitia matiko, yaani kuipoza ghafla ikiwa ya moto iwe ngumu, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. "Ilisema tii, mzee, basi." Tukaifua nyingine pamoja, siku tatu, na maswali yake yote niliwahi kuyauliza mimi, kwa hiyo nayaandika hapa.

Sime ninayoizungumzia ni ile ya Kimaasai, olalem: makali pande zote mbili, nyembamba karibu na mpini, inapanuka kuelekea mbele, halafu inachongoka. Kikingio cha mkono haina. Huku Kilimanjaro, wahunzi wa Kichaga wa Mamba ndio waliokuwa wakiwafulia Wamaasai mikuki, na mimi nilijifunzia kwa mzee mmoja wa huko.

1. Chuma

Springi ya bapa ya pikapu au Land Rover. Za Fuso ni nene, utachoka bure. Nondo usiguse, utapiga kutwa nzima na mwisho utapata kitu kinachopinda kama mkanda. Springi ina kaboni ya kutosha, karibu asilimia 0.6, ndiyo maana inashika makali bila kuwa kioo.

Ukiwa kwa wauza vyuma chakavu, isugue kwa msasa uitazame juani. Springi iliyokatikia garini mara nyingi ina nyufa nyingine ambazo bado hazijafunguka. Kata ukanda wa sm 30 kwa sm 3. Ukiwa na unene wa mm 7 hiyo ni karibu nusu kilo, na inatosha.

2. Moto

Mkaa wa miti migumu, feni ndogo au mvukuto. Najua wapo wanaosifia gesi. Gesi ni safi, lakini mtungi ukiisha katikati ya kazi hutapata wa kujaza saa mbili usiku.

3. Kufua

Anza na ncha, kisha vuta urefu, kisha mkia utakaoingia kwenye mpini. Piga chuma kikiwa na rangi ya chungwa lililoiva; kikifika wekundu mzito kirudishe motoni. Kikianza kutoa cheche nyeupe kimeungua, kata sehemu hiyo utupe. Ukipiga makali upande mmoja, bapa linajikunja kukimbilia upande wa pili, kwa hiyo geuza baada ya kila moto na pande zote zipate nyundo sawasawa. Kipande cha reli kinatosha kuwa fuawe, yaani chuma cha kufulia juu yake.

Makali acha yawe na unene wa sarafu. Usiyamalize sasa.

4. Tupa

Tupa ya mkono na jiliwa la kubania sime. Grenda inafanya kazi ya saa tatu kwa dakika ishirini, na kwa dakika hizo hizo inakuchimbia shimo katikati ya bapa usiloweza kulirudisha. Mimi naitumia kukatia tu.

5. Matiko

Hapa ndipo nilipopoteza sime tatu, kila moja kwa kosa lake.

Ya kwanza ilipasuka kwenye maji, kama ya yule kijana. Maji yanapoza kwa kasi ambayo springi haiivumilii. Mzee wangu alikuwa akitumia maji, lakini yeye alizoea chuma laini zaidi, na mimi nikaiga bila kuuliza. Tumia mafuta. Oili chafu ya gari itafanya kazi, ila moshi wake sitaki kuuvuta tena. Mimi natumia mafuta ya kula, lita tano. Yaweke kwenye bomba refu la chuma lililochomelewa kitako, ulisimamishe ndani ya ndoo ya mchanga lisianguke. Yapashe kwanza, kwa kuchovya kipande cha chuma cha moto, mpaka ukiweka kiganja nje ya bomba uweze kuvumilia sekunde mbili tatu tu. Mafuta ya baridi ni mazito, hayapozi vizuri. Karibu yako kuwe na kifuniko cha bati, maana moto utawaka juu ya bomba. Usiuzime kwa maji.

Ya pili ilipinda kama ndizi. Niliiingiza kwa ulalo, upande mmoja ukapoa kabla ya mwingine. Sime ni ndefu na nyembamba, haisamehe. Iingie wima, ncha kwanza, na ukishaizamisha ipandishe na kuishusha tu. Usiikoroge kama uji.

Ya tatu ndiyo iliyonichukua usiku mzima. Jiko langu lina moto wa upana wa kama sm 20, sime ina sm 45. Nikaivuta mbele na nyuma, mbele na nyuma, na kila nilipopata rangi kwenye kiuno, ncha ilikuwa imeshaungua. Nikiiokoa ncha, kiuno kimepoa. Mwishowe nikaichovya hivyo hivyo kwa hasira. Ncha ikawa ngumu, katikati laini, na iliponyooshwa ikakatika mahali zilipokutana.

Dawa yake ni rahisi mpaka inaudhi: chukua bomba jingine, la chuma jeusi, si la mabati (moshi wa zinki unaugua nao siku mbili), lizibe upande mmoja, lilaze kwenye mkaa na utandaze mkaa kwa urefu wote. Sime inakaa ndani ya bomba na kupata joto la kuzunguka, bila kuguswa na upepo wa feni. Isogeze polepole usiache kuitazama.

Kabla ya kuichovya, ipumzishe mara tatu: ipashe mpaka sumaku isiishike, itoe, iache ipoe hewani pasipo upepo. Nyundo imeacha mikazo ndani ya chuma na usipoiondoa itajitokeza kwenye mafuta. Mimi niliwahi kuiruka hatua hii nikidhani ni madoido.

Fanya kazi hii magharibi, giza likianza. Mchana jua linakudanganya rangi. Sumaku inaachia karibu nyuzi 770 za Selsiasi. Wewe unataka zaidi kidogo, kama 830, yaani baada ya sumaku kuachia ngoja rangi ing'ae kidogo tu na ienee sawa. Chovya. Hesabu mpaka nane, itoe ingali inafuka moshi. Kama imepinda, una sekunde chache ambazo bado inakubali: ibane kati ya mbao mbili, glavu mkononi. Ikishapoa usijaribu tena.

Pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza kama kwenye kioo, umepata. Ikiuma, rudia kuanzia kupumzisha.

6. Kupunguza ugumu

Usiku huo huo. Sime iliyotoka kwenye mafuta ikianguka sakafuni inavunjika. Isugue ing'ae, kisha pasha nondo nene iwe nyekundu na uilaze kwenye mgongo wa katikati, urefu wote, ukiihamisha. Rangi zitatembea kutoka katikati kwenda kwenye makali: mabua makavu, mdalasini, zambarau. Mdalasini ukifika kwenye makali, mgongo ukiwa zambarau, itumbukize kwenye mafuta. Kwa kisu cha jikoni ningeishia kwenye mabua. Sime inakata matawi, inahitaji kulegea zaidi.

7. Mpini na ala

Mti wowote mgumu uliokauka. Mkia uuchome moto uingie wenyewe kwenye tundu, kisha zungushia ngozi mbichi iliyolowekwa. Ikikauka inabana kuliko gundi. Ala ni mbao mbili nyembamba zilizofunikwa ngozi nyekundu, na hiyo mimi huwaachia kina mama wa Kimaasai, maana ala yangu ya mwisho sime iliingia na haikutoka.