Kutafuta Hitilafu ya Kiendeshi cha Tepu na Kaseti Zake za Data

Nakala rudufu inapokwama usiku na programu ikaripoti kwamba tepu haisomeki, wengi hukizima kiendeshi na kukiwasha upya, au hutoa kaseti ile na kutia nyingine ili kazi iendelee. Yote mawili hupoteza ushahidi. Swali la kujibu kwanza ni kama kosa linaifuata kaseti popote iendako au linabaki kwenye kiendeshi kaseti yoyote iingiapo. Mwongozo huu unahusu mfumo wa LTO (Linear Tape-Open), aina ya tepu za kuhifadhia data iliyoanza kuuzwa mwaka 2000 kutokana na ushirikiano wa IBM, HP na Seagate, lakini utaratibu wake unafaa kwa tepu za aina nyingine pia.

Kabla ya jaribio lolote, nakili ujumbe wa kosa kama ulivyo, pamoja na saa, namba ya kaseti na herufi au tarakimu iliyo kwenye kioo kidogo cha kiendeshi. Kisha telezesha kitufe chenye alama ya kufuli kilicho ukingoni mwa kaseti, ili kiendeshi kisiweze kuandika juu yake. Kama kaseti hiyo ndiyo yenye nakala pekee ya data, isirudishwe kabisa katika kiendeshi unachokishuku mpaka kiendeshi hicho kithibitike kuwa kizima.

Ile tarakimu moja ya kiooni husema mengi. Kwenye viendeshi vya LTO vya IBM, 1 humaanisha tatizo la upoozaji, 2 ni umeme unaoingia ukiwa nje ya kiwango, 7 huelekeza lawama kwenye kaseti, na C huomba usafishaji. Tarakimu 8 hugusa mawasiliano kati ya kiendeshi na seva, kwa hiyo chomoa kebo inayoviunganisha, iwe ya SAS au ya nyuzi za mwanga, kagua ncha zake, uirudishe kwa uthabiti, kisha ujaribu kebo nyingine kabla ya kufikiria kununua kiendeshi. Inayosumbua zaidi ni 6, kwa kuwa humaanisha kwamba kiendeshi chenyewe kimeshindwa kuamua kama mwenye kosa ni yeye au ni kaseti. Watengenezaji wengine wana alama zao, ila tahadhari za TapeAlert, yaani jumbe zenye namba ambazo kiendeshi huipa programu, hutumika kwa wote: tahadhari namba 20 hudai usafishaji wa mara moja, na namba 22 husema kaseti ya kusafishia imekwisha muda wake.

Isipojulikana mwenye kosa, kama kwenye ile 6, ndipo jaribio la kubadilishana kaseti linapohitajika. Chukua kaseti unayojua ni nzima na ambayo haina data ya thamani, uandike na kusoma kwa kutumia kiendeshi kinachoshukiwa. Ikishindwa, na ya pili iliyo nzima ikashindwa vilevile, tatizo liko kwenye kiendeshi, kebo au kadi ya seva. Zikifaulu zote mbili, ile kaseti ya mwanzo ndiyo ya kuchunguzwa. Usiwe na haraka ya kuihamishia kwenye kiendeshi kingine, kwa sababu utepe uliokunjika au kuchanika ukingo unaweza kuharibu kichwa cha kusomea cha kiendeshi cha pili, na kiendeshi kibovu nacho huweza kuharibu kaseti nzima zinazoingizwa baadaye.

Ikague kwanza kwa macho. Fungua polepole kwa kidole kile kilango kidogo cha pembeni na utazame kipini cha chuma kinachoshika ncha ya utepe. Kinapaswa kukaa wima, kikiwa kimebanwa juu na chini. Kikiwa kimelala upande, kiendeshi hakitaweza kukidaka, na mara nyingi chanzo ni kaseti kuanguka sakafuni. Tikisa kaseti kidogo: mlio wa kitu kilicholegea ndani ni sababu tosha ya kutoiingiza popote. Usiuguse utepe wenyewe kwa ncha ya kidole, kwa maana ule wa kizazi cha saba na cha nane una urefu wa mita 960 na unene usiofika hata mikroni 6 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita).

Kuna kaseti zinazokataliwa bila kuwa na ubovu wowote. Hadi LTO-7, yaani kizazi cha saba, kiendeshi husoma kaseti za vizazi viwili vilivyotangulia na kuandika kwenye za kizazi kimoja nyuma yake, lakini LTO-8 haisomi LTO-6 kabisa. Kaseti mpya ya LTO-9 nayo, ikiingizwa mara ya kwanza, hupimwa na kiendeshi kwa muda unaoweza kufika saa mbili. Anayedhani imekwama na kukata umeme hujitafutia tatizo ambalo halikuwapo. Na kaseti ya LTO-8 yenye lebo ya 30 TB huchukua 12 TB halisi, kwa kuwa ile namba kubwa hukisia kwamba data itabanwa, ilhali video na data iliyokwisha kubanwa au kusimbwa (kufichwa kwa msimbo) hazibaniki tena. Ikijaa kabla ya hizo 12 TB kwa kiasi kikubwa, hapo shuku kichwa kichafu au utepe uliochoka, kwani kiendeshi hurudia kuandika sehemu zilizoshindikana na nafasi hupotea.

Usafishaji hufanywa kwa kaseti maalumu tu, si kwa pamba wala spiriti, na hufanywa kiendeshi kinapouomba. Utepe wa kusafishia hukwangua, hivyo kuutumia kila siku hukila kichwa. Ikiwa ombi la kusafishwa linarudi kila mara kaseti fulani inapoingia, kaseti hiyo ndiyo inayochafua, iondolewe kwenye mzunguko.

Kasi ndogo mara nyingi hulaumiwa kiendeshi bila haki. Kiendeshi kikubwa cha LTO-8 huandika hadi MB 360 kwa sekunde, wakati mtandao wa gigabiti moja hauwezi kupitisha zaidi ya MB 125. Data ikichelewa mno, utepe husimama, hurudi nyuma, kisha huanza tena, na ukisikiliza kwa makini utausikia mwendo huo. Dawa ni kukusanya data kwanza kwenye diski yenye kasi, kisha kuimimina kwenye tepu.

Wanaotumia Linux waangalie pia jina la kifaa. Anayeandika kupitia /dev/st0 hurudishwa mwanzo wa utepe kila kazi inapomalizika, na kazi inayofuata hufunika ile iliyotangulia. Jina la /dev/nst0 huacha utepe pale ulipofika. Amri ya mt -f /dev/nst0 status itakuonyesha mahali ulipo kabla hujaandika chochote.

Kaseti iliyonasa isivutwe kwa koleo. Iachilie kwanza kupitia programu ya nakala, kwa sababu huenda ndiyo iliyoifunga, kisha bonyeza kitufe cha kutolea mara moja na usubiri dakika kadhaa utepe urudishwe wote. Umeme ukikatika utepe ukiwa katikati, washa kiendeshi na ukiache kijirekebishe chenyewe. Kaseti ikigoma kutoka na ndiyo yenye nakala pekee, peleka kiendeshi na kaseti yake vikiwa pamoja kwa mafundi wa kuokoa data.

Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, chumba kisicho na kiyoyozi hakifai kuhifadhia tepu kwa miaka, kwani zinahitaji nyuzi joto 16 hadi 25 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Kaseti iliyosafirishwa kwenye joto ikae saa 24 karibu na kiendeshi kabla ya kutumika.

Baada ya matengenezo, usitosheke na ujumbe kwamba kazi imekamilika. Andika faili za majaribio, zisome tena, linganisha alama zake za uhakiki (namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili, kwa Kiingereza checksum) na zile za awali, kisha isome kaseti hiyohiyo kwenye kiendeshi cha pili kama kipo, kwa kuwa kiendeshi kilichopotoka huweza kusoma maandishi yake chenyewe huku kingine kikishindwa.