Jinsi ya kuwaelezea watoto kwa nini wanaandamana Juni 16

Kila Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, watoto wetu hapa Kasese, Uganda, wanavaa yunifomu safi, wanabeba mabango mpaka uwanjani, wanasikiliza hotuba za wakubwa, wanapewa soda wanarudi, halafu ukimuuliza mmoja leo ni siku ya nini anakwambia sikukuu ya watoto. Inaniuma, maana siku hii ilitoka kwenye damu ya watoto wenzao. Kama wewe ni mwalimu au mzazi, fanya hivi.

Usianze na Mandela, huyo wanamjua, si uwanja wa Namboole una jina lake. Anza na darasa lao. Waambie kuanzia kesho hesabu ni kwa Kifaransa, kile cha majirani wa Kongo, ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, na mtihani hivyo hivyo. Watapiga kelele, na hapo ndo unawaambia Soweto, Afrika Kusini, 1976 serikali ya wazungu ililazimisha Kiafrikana, lugha ya makaburu, kwenye hesabu, watoto maelfu wakatoka barabarani, polisi wakafyatua risasi. Hector Pieterson, mmoja wa waliouawa, alikuwa na miaka 12 tu, yaani saizi ya mtoto wa P6, darasa la sita. Ile picha yake amebebwa waoneshe wakubwa, wadogo waache kwanza.

Lazima mmoja atauliza mbona hawakwenda kushtaki. Swali hilo ndo somo lenyewe, usilikimbie. Wangeshtaki wapi na ubaguzi wenyewe ndo ulikuwa sheria? Tangu 1950 kila mtu aliandikishwa kwa rangi, mtaa wa kuishi kwa rangi, 1953 shule za weusi zikawekewa sheria yake, na mweusi akikutwa mjini bila pasi, kile kitabu cha kibali, anafungwa. Mwaka jana nililinganisha pasi na kitambulisho chetu cha taifa, nikaharibu, wakaona kumbe kitu kidogo. Sema wazi kwamba mzungu hakuibeba. Sharpeville, huko huko Afrika Kusini, 1960 watu waliziacha pasi nyumbani wakaenda wenyewe kituoni wakamatwe, polisi wakaua 69.

Halafu fungua ramani ya Uganda, tafuta Kaweweta kule Nakaseke. Vijana wengi waliokimbia baada ya Soweto waliingia jeshi la ANC, chama cha Mandela kilichopigania uhuru, na wapiganaji wa jeshi hilo walipotakiwa kutoka Angola, kuanzia 1989 tuliwapokea hapo.

Mwisho wape tarehe 27 Aprili 1994, weusi wanapiga kura ya taifa mara ya kwanza, kisha mpe mmoja chaki aandike ubaoni: Hector angekuwa na miaka mingapi siku hiyo?