Kabla ya kununua diski kubwa za breki, kagua tairi

Fundi akikushauri ufunge diski kubwa ili gari lisimame haraka, fanya jaribio hili kwanza. Tafuta barabara kavu isiyo na watu wala gari nyuma yako, funga mkanda, nenda kilomita 40 kwa saa, kisha kanyaga breki mpaka mwisho. Pedali ikitetemeka (ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, imeingia kazini), au magurudumu yakijifunga na tairi kulia, basi breki ulizonazo zina nguvu kuliko mshiko wa tairi. Diski kubwa haitafupisha chochote hapo, kwa sababu kinacholizuia gari mwishowe ni mpira kwenye lami. Pesa hiyo nunulia tairi nzuri. Tazama na umri wake: tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni, mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu hukakamaa hata kama kashata (meno ya tairi) bado zipo, na kwenye mvua ndipo utakapoijua.

Pedali ikifika mwisho bila lolote kati ya hayo kutokea, usikimbilie diski bado. Angalia pedi, mafuta ya breki, na hewa kwenye mfumo.

Diski kubwa zina kazi yake kwenye joto. Ukishuka mlima Kitonga na mzigo huku unakanyaga mara kwa mara, diski ndogo huchemka na breki hulegea, kubwa huhimili zaidi. Hata hivyo, gia nzito (ya namba ndogo) inakusaidia kulizuia gari bila gharama.