Somo: Mekapu ya mtu mzima, uso unyweshwe kwanza ndo upakwe

Habari zenu wapendwa, na mama zangu na shangazi zangu mliomo humu shikamooni. Hili somo nimeliahidi tangu mfungo sita na leo nimepata nafasi, nakaa chini naliandika lote.

Mimi napamba hapa Tanga mjini, Ngamiani, na wateja wangu wengi ni mabibi harusi, lakini wanaonifanya nifikiri sana ni mama zao. Binti wa miaka 24 hata ukikosea kidogo ngozi yake inakusamehe, ila mama yake wa miaka 56 ukimpaka vitu vile vile kwa mkono ule ule, nusu saa haifiki ushaharibu. Nilijifunza kwa uchungu. Miaka ya mwanzo nilimpamba shangazi yangu kwenye harusi ya binti yake, nikamjaza foundesheni nzito, nikamwagia poda chini ya macho ikakaa dakika kumi kama tulivyokuwa tunaona kwenye video, akatoka amependeza kwelikweli. Muda wa kumtoa bi harusi ukumbini uso ushapasuka, kila mstari umejaa poda. Kesho yake akaangalia picha akaniambia taratibu, "mwanangu umenizeesha." Hakugomba. Tangu siku hiyo nikaamua nijue ngozi ya mtu mzima inataka nini.

Hedhi ikikoma homoni ya estrojeni inashuka, na ngozi inakuwa nyembamba na kavu kwa sababu mafuta yake yenyewe yanapungua, na ile kolajeni inayoifanya ijae inaweza kupungua karibu asilimia 30 ndani ya miaka 5 ya mwanzo. Sasa poda kazi yake ni kunyonya mafuta, ukiimwaga kwenye ngozi ambayo haina mafuta ya kutosha unategemea nini? Halafu sisi weusi kwa kawaida mikunjo inatuchelewa, kinachotutangulia ni madoa, weusi chini ya macho na kuzunguka mdomo, na rangi ya uso kutokuwa moja. Kwa hiyo usihangaike na mikunjo, hangaika na rangi. Mikunjo ukiifukia ndo unaionyesha.

Hatua ya 1: nywesha ngozi

Hapa ndo nakaa muda mrefu kuliko hatua zote na ndo hapa wapambaji wengi wanaparukia. Osha uso kwa maji ya kawaida na sabuni laini ya uso, sio sabuni ya kipande ya kuogea, inakausha. Usisugue. Kama mama anapenda singo au liwa afanye siku mbili tatu kabla, asifanye asubuhi ya shughuli maana ngozi iliyotoka kusuguliwa inakataa mekapu. Uso ukiwa bado una unyevu paka losheni ya uso, yenye gliserini ni nzuri na sio ya bei, uipeleke mpaka shingoni na nyuma ya masikio, halafu ACHA. Dakika 10, ndugu yangu. Kunywa chai. Ukipaka foundesheni juu ya losheni ambayo haijaingia inatoka vijibonge kama uji wenye madonge.

Mafuta ya nazi nayapenda na kwetu Tanga hayakosekani, ila yaache ya usiku. Chini ya mekapu yanateleza, na kwenye joto la kaskazi mpaka saa nane uso wote uko kwenye kola.

Shughuli ikiwa ya mchana paka na sanskrini, ile krimu ya kukinga jua, yenye SPF (kipimo cha kinga yake) 30 kuendelea, kiasi cha vidole viwili kwa uso na shingo, maana jua ndo linakoleza yale madoa tunayohangaika kuyaficha. Ikiwa ya usiku iache, nyingine zinaacha weupe na ukipigwa flashi unatokea kwenye picha kama umepakwa chokaa.

Hatua ya 2: foundesheni nyepesi, na sio uso mzima

Chagua ya maji, ile isiyokauka kabisa, achana na ya kipande na ya poda. Rangi usiipime mkononi wala chini ya taa za dukani, weka kidogo kwenye taya karibu na shingo, toka nje kwenye mwanga, subiri dakika kumi kwa sababu nyingi zinakolea zikishakutana na hewa. Inayopotea ndo yako. Ikikutoa kijivu weka chini hata kama muuzaji anakuapia.

Anza katikati ya uso, pembeni mwa pua, kidevu, katikati ya paji, vuta kuelekea nje mpaka iishe yenyewe. Karibu na masikio hakuhitaji kitu. Tumia sponji iliyoloweshwa ukaikamua, na ugongegonge, usiburute. Kama doa bado linaonekana ongeza tone pale kwenye doa tu. Watu wazima wengi wamezoea kuongeza uso mzima kwa sababu ya madoa mawili, na ndo hapo sura inageuka kinyago.

Chini ya macho kwa ngozi nyeusi usikimbilie konsila (ile krimu ya kuficha weusi na madoa) nyeupe, weusi ule ukiufunika kwa rangi nyepesi unatoka majivu. Kwanza weka rangi ya chungwa kidogo sana, ile ya kusahihisha, inaua ule uzambarau, halafu konsila inayofanana na uso wako juu yake. Iweke kwenye kona ya ndani karibu na pua, sio pale kwenye mistari ya kucheka. Nusu ya punje ya mchele inatosha jicho moja.

Hatua ya 3: poda kwa hesabu

Pua, kidevu, katikati ya paji. Basi. Mashavu yaachwe yang'ae, huo mng'ao ndo uhai wa uso. Tumia brashi ndogo, kung'uta kwanza.

Hatua ya 4: macho na nyusi

Kope za juu zikishalegea kidogo, aishedo ya kumetameta inakaa kwenye vikunjo na kila kikunjo kinawaka. Mimi natumia kahawia isiyong'aa, na nikiipaka namwambia mama aniangalie macho wazi, sio amefumba, maana akifumba naona nafasi kubwa akifumbua yote imemezwa na ngozi. Rangi iwe juu kidogo ya mkunjo ili ionekane. Wanja upite juu tu kwenye mizizi ya kope, mwembamba, na mwisho wake uinuke. Ukizungushia chini jicho linaonekana limechoka. Maskara juu tu pia, na iliyofunguliwa zaidi ya miezi 3 itupe, inabeba vijidudu.

Nyusi usizinyoe ukachora upya jamani. Kwa mtu mzima zishapungua zenyewe, jaza kwa vistari vidogo kama nywele, na rangi iwe kahawia ya kukolea badala ya nyeusi tii, nyeusi inakaza uso.

Hatua ya 5: mashavu na mdomo

Blashi ya krimu, juu ya mfupa wa shavu, ukiishusha inavuta uso chini. Mdomo chora ukingo kwa penseli ya rangi ya lipstiki yenyewe, jaza na ndani, ndo lipstiki haitatambaa kwenye vimistari. Na mama zangu msiogope rangi, nyekundu ya damu ya mzee kwa mwanamke wa miaka 60 ni kitu kizuri sana.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Muheza: Asante kwa somo. Mama anavaa ushungi na kila mara foundesheni inaishia kwenye kitambaa, nifanyeje?

*Jibu:* Ishia kabla ya mstari wa ushungi, kama upana wa kidole hivi, kule hakuonekani. Na avae ushungi kabla hujamalizia uso, sio baada. Chini ya kidevu ndo pitisha poda kidogo.

Mdau wa Makorora: Dada samahani, mama mkubwa alitumia krimu za kung'arisha miaka mingi, uso mweupe shingo nyeusi na mashavuni pana weusi wa kama bluu. Mwezi ujao anaoza, tutafanyaje?

*Jibu:* Usiombe samahani, wako wengi. Mekapu ifuate rangi ya shingo na kifua, sio ya uso, na kwenye ule weusi tumia ile chungwa kwanza. Lakini naomba mumpeleke kwa daktari wa ngozi, sio kwa muuza duka. Krimu nyingi za hivyo zina haidrokwinoni au zebaki, Tanzania zimepigwa marufuku kwenye vipodozi na bado zinapenya, zebaki inaharibu figo. Weusi wa bluu unaweza kuwa umeletwa na krimu yenyewe, akiongeza kupaka unazidi. Mwambieni kwa upole, alipakwa maneno kabla ya kupakwa krimu.

Mdau wa Chumbageni: Mimi nina 51, joto linanipanda ghafla natoka jasho la uso katikati ya shughuli. Niongeze poda?

*Jibu:* Hapana shoga yangu, poda juu ya jasho inakuwa udongo. Beba tishu isiyo na manukato, ibandike usoni uibonyeze, usifute. Jipepee mpaka ukauke ndo uguse pua tu. Na kaa karibu na feni, mwambie mpambaji mapema asikujazie matabaka.

Mdau wa Pangani: Wanja wa manga wa bibi una shida?

*Jibu:* Wanja wa jiwe mwingi una madini ya risasi, ni sumu, kwa watoto ndo hatari zaidi. Najua ni urithi na harufu yake tu inakukumbusha nyumbani. Kichupa cha bibi kitunze, macho yapake penseli ya dukani.

Mdau, hakusema alipo: Nina 63 na navaa miwani ya kusomea, kujipaka peke yangu siwezi, nikiivua sioni nikiivaa inazuia.

*Jibu:* Shikamoo mama. Tafuta kioo cha kukuza, kile cha kusimama mezani, ukae dirishani. Lenzi za kusomea zinakuza jicho, kwa hiyo kila kitu kiwe chembamba, wanja uliokosewa milimita moja unaonekana kama sentimita. Ukishamaliza vaa miwani urudi nyuma hatua mbili ndo ujiangalie, watu wanakuona kwa umbali huo.