Jinsi ya kubishana kama mchezaji wa besiboli anastahili Cooperstown bila kuongea hewa

Ubishi wa Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli, ule ulioko Cooperstown jimbo la New York, una ugonjwa mmoja: watu wawili wanashikana mashati saa nzima kumbe kila mmoja anajibu swali lake. Mmoja anauliza jamaa alikuwa mkali kiasi gani, mwenzake anauliza alidumu miaka mingapi, wa tatu anaingia katikati na stori za madawa ya kuongeza nguvu. Kabla hujamtaja mchezaji yeyote mwulize kwanza unayebishana naye, kwako wewe kustahili maana yake nini? Asipokuwa na jibu muache tu, utapoteza muda.

Sheria zijue, ni chache. Mchezaji awe amecheza misimu 10 ligi kuu, awe amestaafu miaka 5, alafu waandishi wa besiboli ndo wanapiga kura, kila mmoja anaruhusiwa majina yasiyozidi 10. Akifika asilimia 75 ameingia, akishuka chini ya asilimia 5 anafutwa kwenye karatasi, na akizunguka miaka 10 bila kufika basi tena, anabaki kusubiri kamati ya watu 16 ambayo ikimpa kura 12 anaingia kwa mlango huo. Hapo kwenye majina 10 watu wengi wanapasahau. Mwandishi anaweza kuamini kabisa kuwa fulani anafaa na bado asimpigie kwa sababu karatasi imejaa, kwahiyo ukiona mtu ameanza na asilimia 10 usikimbilie kusema waandishi wamemkataa. Scott Rolen alianza na asilimia 10.2 mwaka 2018, 2023 akaingia, na katikati hapo hakuongeza hata hiti moja (pigo linalomfikisha mpigaji kwenye beisi salama) maana alishastaafu.

Sasa swali la kilele na kudumu, hili ndo tamu. Chukua warushaji wawili, Sandy Koufax na Don Sutton. Koufax ana ushindi 165 tu, aliacha mpira ana miaka 30 kwasababu ya kiwiko, lakini miaka yake mitano ya mwisho ilikuwa balaa, miaka yote mitano ndo aliyeruhusu pointi chache kwa wastani kuliko mrushaji yeyote wa ligi yake, na Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa msimu, akabeba tatu. Sutton hakuwahi kuchukua Cy Young hata moja, msimu wa kushinda mechi 20 anao mmoja tu maisha yake yote, ila alirusha na kurusha mpaka akafika ushindi 324. Wote wawili wamo ndani. Koufax aliingia akiwa na miaka 36, mdogo kuliko wote, Sutton akasugua mpaka jaribio la tano. Kwahiyo mtu akikwambia huyu hafai sababu alidumu kidogo unayo silaha, na akisema yule hafai sababu hakuwahi kuwa bora wa ligi unayo silaha pia, ila usitumie zote mbili kwa mchezaji mmoja kwenye sentensi moja, utachekwa. Mi mwenyewe nipo upande wa kilele, nikipewa kura nampa Koufax nafumba macho, Sutton nafikiria kidogo.

Ukishachagua upande ndo unaenda kwenye namba, na namba za besiboli zinadanganya usipoziuliza zimetoka uwanja gani. Larry Walker ndo darasa zuri. Wastani wake wa kupiga ni .313, yani katika kila mara 1,000 zinazohesabika alipata hiti 313, ana homurani 383 (ile mipira inayopitiliza uzio). Wapinzani wake walikuwa na neno moja tu, Denver. Uwanja wa Coors Field, uliopo huko na ndo ulikuwa nyumbani kwa timu yake, uko juu karibu mita 1,600, hewa nyepesi, mpira unaruka kama umepewa mabawa, na kweli Walker pale alipiga .381. Mbishi mvivu anaishia hapo. Wewe fungua msimu wake wa 1997 aliochukua MVP, tuzo ya mchezaji bora wa ligi, uangalie homurani 49 alizopiga zilipigwa wapi, utakuta 20 nyumbani, 29 ugenini. Alafu kuna takwimu ya kupima upigaji inaitwa OPS+ ambayo inakata faida ya uwanja kabisa, 100 ni mchezaji wa kawaida, Walker ana 141. Ubishi umeisha. Na bado ilimchukua miaka yote 10, mwaka 2020 akapita na kura 304 wakati alihitaji 298. Kura sita.

Takwimu nyingine utakayorushiwa usoni ni WAR. Usiogope, inajaribu kukadiria mchezaji aliiletea timu yake ushindi mangapi zaidi ya ambao ungepatikana kama nafasi yake angewekwa mtu wa kuokoteza tu. Inajumlisha kupiga, kukimbia na kulinda. Ni makadirio, wanaoikokotoa wenyewe hawapatani, kwahiyo mtu anayebishana 61 dhidi ya 63 hana hoja. 75 dhidi ya 38 hapo sawa.

Na sijazitoa hewani hizo. 38.7 ni WAR ya Harold Baines, aliyeingizwa na kamati 2019 kwa kura 12 za watu 16, na kwenye kamati walikuwemo Tony La Russa aliyewahi kumfundisha na Jerry Reinsdorf mmiliki wa Chicago White Sox, timu aliyochezea sana. Kwa waandishi Baines hakuwahi kuvuka asilimia 6.1. Tangu siku hiyo kila mtu ana hoja moja, kama Baines yumo basi na fulani aingie. Hii hoja itupe. Ukimfanya aliye chini kabisa kuwa kipimo utalazimika kufungulia mlango watu mia, na mwenzako akijua anachofanya atakutajia hao mia mmoja mmoja. Mlinganishe mtu wako na wa katikati, wa nafasi ileile uwanjani.

Kwenye madawa mi nakushauri utenganishe mafungu. Kuna waliofungiwa na ligi yenyewe baada ya adhabu kuanza rasmi 2004, kama Manny Ramirez aliyefungiwa 2009 na 2011, au Alex Rodriguez aliyekosa msimu mzima wa 2014. Alafu kuna Barry Bonds, homurani 762, MVP 7, ambaye ligi haikuwahi kumfungia lakini tuhuma zimemganda, akaishia asilimia 66 mwaka wake wa mwisho 2022. Maelekezo ya kura yanataja uadilifu na tabia waziwazi, kwahiyo anayemkataa Bonds hajabuni kitu. Ila mwulize kama anakataa wote au anachagua, hapo wengi wanaanza kumung'unya maneno. Pete Rose usimchanganye humu, kesi yake ni kamari, na tangu Mei 2025 alipoondolewa kwenye orodha ya waliofungiwa kamati inaweza kumjadili.

Mwisho uwe na mtu wako mmoja unayemjua nje ndani. Wangu ni Lou Whitaker, mlinzi wa beisi ya pili, Detroit Tigers maisha yake yote. Hiti 2,369, homurani 244, WAR 75, ubingwa wa 1984. Alicheza bega kwa bega na Alan Trammell, mlinzi wa kati ya beisi ya pili na ya tatu, mechi zaidi ya 1,900, walianza siku moja, na Trammell ambaye WAR yake ni karibu 71 yumo ndani tangu 2018. Whitaker? Mwaka 2001 alipata kura 15 kati ya 515, asilimia 2.9, akafutwa mwaka wake wa kwanza tu. Kamati ikamjadili Desemba 2019, ikampa kura 6. Kila nikibishana naanza na Trammell, namuacha mwenzangu amsifie mpaka achoke, alafu ndo namuuliza mpira wa kukamilisha ile dabo plei (kuwatoa wapinzani wawili kwa mpigo mmoja) Trammell alikuwa anampasia nani.